Simba, chui au fisi: nani mbabe? Swali la watoto linalostahili jibu la kweli

Na Mwandishi Wetu

Kama una mtoto wa kati ya miaka sita na kumi na miwili, mjadala huu umeshapita sebuleni kwako. Simba na chui wakipigana, nani anashinda? Simba mmoja na fisi kumi je? Na mamba? Na yule chui milia wa kwenye katuni? Baba akijibu kwamba simba ndiye mfalme wa nyika anadhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza amechokoza. Kwenye nyumba ya mashabiki wa Yanga jibu hilo linaweza hata kuleta ugomvi.

Hapa Tunduma watoto wengi wanamjua simba kwa njia mbili: noti ya shilingi 2,000 na simu ya mzazi. Wanachokisikia usiku ni honi za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Wenzao wa Kamsamba, Ivuna na vijiji vya kando ya Ziwa Rukwa wanajua zaidi ya hapo. Wao humsikia fisi mwenyewe, na wameshaonyeshwa sehemu za mto ambazo hapachotwi maji kwa sababu ya mamba.

Mkoa ni mmoja, na watoto hawa hukutana. Likizo ya Juni na ya Desemba mtoto wa mjini anapandishwa basi kwenda kwa babu na bibi, na ujuzi wake wote wa wanyama ni ule wa video na wa hadithi. Kwenye video simba hupigana kila dakika. Kwenye hadithi fisi ni mlafi, mwoga na mjinga anayedanganywa na sungura. Mtoto aliyeyabeba hayo mawili kichwani akikutana na fisi njiani jioni, anaweza kumrushia mawe kwa dharau au kukimbia. Yote mawili ni hatari. Ndiyo maana swali la nani mbabe linafaa kujibiwa vizuri, na jibu lenyewe lina utamu wake.

Tuanze na mizani

Watoto huanza na uzito, na hawakosei. Wanyama wawili wakikabana mmoja kwa mmoja, uzito huamua mengi. Ila kilo hazimwambii mtoto kitu. Mtajie vitu anavyoviona sokoni.

Chukua gunia la mahindi la kilo 100. Simba dume aliyekomaa ni gunia moja na nusu hadi magunia mawili na zaidi kidogo. Simba jike ni gunia moja na robo hivi. Chui dume ni mfuko mmoja wa saruji na kilo kumi za juu yake, na jike lake wala halifiki mfuko. Duma naye ni kama mfuko wa saruji, ila kilo zake zote zimetengenezwa kwa ajili ya mbio. Fisi madoa ni mfuko wa saruji na ushee, na kwa fisi jike ndiye mkubwa kuliko dume. Mbwa mwitu ni debe la mahindi na kidogo. Nyegere, yule mwenye sifa kubwa mitandaoni, ni kilo kumi hivi, sawa na mfuko mdogo wa sembe.

Kwa hiyo mtoto akikubana umtaje mmoja, mtaje simba bila wasiwasi. Kwenye nchi kavu, mmoja kwa mmoja, hakuna mla nyama wa Afrika anayemweza simba dume mzima. Chui akimwona hupanda mti. Duma huacha mawindo yake aliyoyahangaikia na kuondoka zake. Fisi akiwa peke yake hasogei.

Ndani ya maji hesabu inageuka. Mamba dume mkubwa hupita magunia matatu, na taya zake hazina mpinzani. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya nguvu ya kung'ata ya jamii zote za mamba duniani. Aliyeongoza ni mamba wa maji ya chumvi, ambaye hapatikani kwetu: kishindo cha taya zake kilikuwa sawa na uzito wa kilo 1,600 na zaidi. Hayo ni magunia 16 ya mahindi yakiangukia ncha ya jino. Jambo ambalo watoto hulipenda zaidi ni kwamba misuli ya kufungulia mdomo huo ni dhaifu, kiasi kwamba wataalamu wanaomshika mamba huufunga mdomo wake kwa gundi ya karatasi, nao ukafungika.

Na chui milia? Dume wa India ana kilo 180 hadi 260 hivi, kwa hiyo humzidi simba kidogo. Ubishi wa simba na chui milia una umri wa maelfu ya miaka. Warumi wa kale waliwapiganisha wanyama wa namna hiyo kwenye viwanja mbele ya umati. Lakini wale walikuwa wanyama waliofungwa, wenye njaa na hofu, na mapambano yao hayasemi kitu kuhusu porini. Huko porini simba wetu na chui milia wametenganishwa na bahari. Mwambie mtoto ukweli huo, kisha mrudishe Afrika, maana huku ndiko mambo yanakonoga.

Mwenye nguvu hapendi kupigana

Video zinaficha jambo moja: mnyama anayewinda anaishi kwa mwili wake. Hana zahanati. Jino likivunjika au mguu ukiteguka, hatapata chakula wiki ijayo. Kwa sababu hiyo simba, chui na fisi hutumia akili nyingi kukwepa mapambano kuliko wanavyotumia kupigana.

Ushahidi mzuri uko nchini kwetu. Miaka ya 1990 watafiti waliokuwa Serengeti, akiwemo Karen McComb na Craig Packer, walifunga spika porini na kupiga sauti za simba wageni wakinguruma. Mara nyingine ilikuwa sauti ya simba mmoja, mara nyingine ya watatu kwa pamoja. Majike wenye eneo lao waliposikia mgeni mmoja, na wao wakiwa wengi, waliinuka na kumfuata. Waliposikia watatu, na wao wakiwa wachache, walisita. Kwa maneno mengine simba huhesabu kabla ya kuamua. Majaribio ya aina hiyo yalifanywa baadaye kwa fisi wa Maasai Mara nchini Kenya, nao pia wakaonekana kupima idadi ya wenzao kwa masikio.

Hata manyoya ya shingoni ni tangazo. Mwaka 2002 Packer na mwenzake Peyton West walichapisha utafiti ambao watoto hupenda kuusikia. Walipeleka Serengeti midoli mikubwa yenye umbo la simba dume halisi, mingine ikiwa na manyoya meusi, mingine ya rangi ya mchanga. Madume waliiogopa yenye manyoya meusi. Majike ndiyo waliyoipenda. Simba dume anapomwona mwenzake kwa mbali anasoma kwanza: huyu ni mzima, huyu ameshiba, huyu tumwache.

Nini hutokea mwili ukiharibika? Mwaka 1898, wakati reli ya Uganda ikijengwa, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni waliwala wafanyakazi pale Tsavo, Kenya. Miili yao imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Walipochunguzwa, mmoja alionekana kuwa na jino la chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi wake. Mnyama mwenye jino kama hilo hawezi kumng'ang'ania punda milia anayerusha mateke. Kwetu Rufiji, kati ya mwaka 2002 na 2004, simba mmoja aliua watu wapatao 35. Wanakijiji walimpa jina la Osama. Alipouawa Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka.

Nungunungu naye yumo katika hesabu hii. Zipo kumbukumbu za simba waliochomwa na miiba yake usoni na miguuni, wakakonda, wakashindwa kuwinda na wengine wakageukia watu. Mnyama anayekula mizizi anaweza kummaliza mfalme kwa mwiba mmoja. Mtoto wako akiandaa orodha ya wababe, mwombe amtafutie nungunungu nafasi.

Isichukuliwe kwamba kila simba anayeua mtu ni mgonjwa. Wapo wazima kabisa, na tutawarudia.

Fisi wa hadithi na fisi wa kweli

Sasa fisi. Hapa ndipo sisi wazazi tuna kazi, kwa sababu hadithi tulizopokea kwa bibi zetu zimemwonea mno mnyama huyu. Fisi wa hadithi hula mabaki. Wa kweli ni mwindaji.

Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk, mzaliwa wa Uholanzi, aliwafuata fisi wa Ngorongoro na Serengeti usiku kwa mwanga wa mbalamwezi. Hadi wakati huo watu walitembelea bonde la Ngorongoro asubuhi, wakawakuta simba wamelalia mzoga wa nyumbu na fisi wamezunguka wakisubiri. Wakahitimisha kwamba simba kaua na fisi anaombaomba. Kruuk aliyeuona usiku mzima alikuta mambo ni kinyume: pale Ngorongoro mara nyingi fisi ndio walioua nyumbu, simba wakasikia kelele, wakaja kuwapora. Picha ya asubuhi ilikuwa ya kweli, ila maelezo yake yalikuwa yamepinduliwa.

Fisi hushinda kwa wingi na kwa nidhamu. Ukoo wao unaweza kuwa na makumi ya wanyama, na unaongozwa na majike. Binti wa kiongozi huzaliwa na cheo cha mama yake, na madume wageni husubiri chini kabisa. Wakikusanyika kwenye mawindo ya simba, hupiga hesabu ileile tuliyoiona Serengeti. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Botswana na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba fisi wakiwazidi simba majike kwa takriban wanne kwa mmoja, huwanyang'anya nyama. Sharti ni moja: pasiwe na simba dume. Dume akiwepo, hesabu inavunjika na fisi hutawanyika.

Hilo ndilo jibu la mtoto anayeuliza kuhusu simba mmoja na fisi kumi. Kama simba ni jike, fisi wanachukua nyama. Kama ni dume, wanasubiri.

Taya za fisi zinavunja mifupa ya paja ambayo simba huiacha. Ndiyo sababu kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Ni madini ya mifupa. Watoto wa vijijini wanakijua vizuri kinyesi hicho, na mara nyingi ndicho dalili ya kwanza kwamba fisi wanapita karibu na nyumba.

Jambo la mwisho kuhusu fisi linatuhusu moja kwa moja. Ukitoka Mkwajuni ukapita Chunya kuelekea mashariki, unafikia mapori ya Rungwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo Usangu ilipoongezwa mwaka 2008 ilifikisha zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2009 mtafiti Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford alianzisha mradi wa wanyama wala nyama katika vijiji vinavyopakana na hifadhi hiyo kwa upande wa Iringa. Kumbukumbu za mifugo iliyoshambuliwa vijijini zilionyesha kwamba aliyeongoza hakuwa simba, bali fisi. Watu waliwasaidiwa kuzungushia mazizi waya wa senyenge uliofumwa badala ya miiba mitupu, na mazizi hayo yakaacha kuingiliwa ovyo. Kwa mfugaji wa Momba au wa wilaya ya Songwe, mbabe wa zizini ana madoa.

Hao wengine, kwa ufupi

Chui hana ndugu wa kumsaidia. Nguvu yake iko mabegani: anaweza kumpandisha mtini swala aliye mzito kama yeye mwenyewe, mahali ambapo fisi hafiki. Anaishi hata karibu na makazi ya watu bila kuonekana kwa miaka, na kwa hilo namwona ndiye mjanja kuliko wote.

Duma huwavunja moyo watoto. Anawapita wote kwa mbio, lakini akikamata swala anahema kwa dakika kadhaa kabla ya kula, na akitokea fisi mmoja tu, anaondoka. Utafiti wa Serengeti wa miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha kwamba watoto wengi wa duma hufa kabla ya kujitegemea, na muuaji mkuu ni simba. Hawali, anawaua na kuwaacha. Wanyama hawa wanapunguza washindani wa kesho.

Mbwa mwitu wa kilo 25 hawezi kupigana na yeyote kati ya hao. Lakini kundi lake hukimbiza kwa pamoja, na katika tafiti nyingi zaidi ya nusu ya mbio zao huishia na nyama. Simba, pamoja na magunia yake mawili, hukosa mara nyingi zaidi ya anavyopata. Kama ubabe ni kulaza watoto wakiwa wameshiba, kombe ni la mbwa mwitu.

Nyegere ana ngozi nene iliyolegea, kiasi kwamba ukimshika shingoni anageuka ndani ya ngozi yake na kukung'ata. Simba na chui humuua wakiamua. Wengi huona haistahili gharama.

Na watoto wasisahau walio nje ya mashindano. Tembo, kiboko na nyati hawali nyama, lakini simba mmoja mwenye akili timamu hawasogelei. Twiga mwenye macho ya upole humvunja simba taya kwa teke moja.

Mbabe dhidi ya binadamu

Wengi wa wazee wa Nyanda za Juu Kusini walisikia habari za simba wa Njombe. Tangu mwaka 1932 hadi 1947 kundi la simba liliua watu wengi upande ule. Hesabu ya watu 1,500 huandikwa mara kwa mara, ingawa haijapata uthibitisho wa kuridhisha. Watu waliamini simba wale walitumwa na mganga. George Rushby, afisa wanyamapori aliyewasaka, alikuwa na maelezo mengine: serikali ya kikoloni ilikuwa imewaua wanyama wengi wa porini ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usifike kwenye ng'ombe, na simba wakabaki bila mawindo. Simba wale walikuwa wazima. Walikuwa na njaa, na waliwakuta watu.

Sayansi ya karibuni inaendana naye. Packer na wenzake wa Tanzania walipokusanya taarifa za mwaka 1990 hadi 2004 walikuta watu zaidi ya 563 wameuawa na simba nchini na wengine 308 kujeruhiwa, wengi wao katika wilaya za kusini mashariki. Chanzo kikubwa kilikuwa nguruwe pori. Palipobaki wanyama wachache isipokuwa nguruwe pori, simba waliwafuata nguruwe hao hadi mashambani, na mashambani walikuwemo watu waliolala kwenye vibanda kulinda mazao. Mkulima wa mahindi wa mkoa huu anayewalinda nguruwe usiku anaijua picha hiyo.

Mwaka 2011 watafiti hao walitoa jambo lingine, na hili ningependa kila mzazi alijue. Walipitia mashambulizi ya simba ya mwaka 1988 hadi 2009, ambamo watu zaidi ya 1,000 walishambuliwa. Mengi yalitokea saa za mwanzo za usiku, na hatari ilipanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku ya mwezi mpevu mwanga unatoka jua linapozama. Siku chache baadaye mwezi unachelewa, jioni inakuwa giza totoro, watu bado wako njiani, na simba ambao hawakupata kitu wakati wa mbalamwezi wana njaa.

Mtoto anaweza kuliona hilo kwa macho yake hata akiwa Tunduma. Mwambie ahesabu siku tangu mwezi ulipokuwa duara kamili, kisha kila jioni atazame unatoka saa ngapi.

Kabla ya kumpandisha basi

Video hazitakwisha. Kaa naye mtazame moja, na umwulize maswali mawili: wanyama hawa wanaishi bara moja? Na aliyeshindwa alikuwa anagombea nini? Siku hizi nyingi zimetengenezwa kwa akili mnemba, sokwe akimkaba chui milia, papa akimrukia simba ufukweni. Mtoto aliyezoea kuuliza swali la kwanza huzigundua mwenyewe na huona raha kuzigundua. Orodha za nguvu za kung'ata zinazosambazwa pamoja nazo, simba hivi, fisi vile, hunakiliwa kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine bila kutaja nani alipima na alipimaje. Mimi huziruka.

Ila kama likizo hii anakwenda kijijini, mazungumzo yaende mbali zaidi ya video. Mwambie asimkimbie fisi, simba wala chui, kwa kuwa anayekimbia anageuka windo. Asimame wima, amwelekee mnyama, ainue mikono au nguo ili aonekane mkubwa, apige kelele, arudi nyuma polepole. Mdogo wake amshike mkono au ambebe. Asiwarushie mawe fisi wanaopita zao, na akiona watoto wa mnyama wowote ageuke mapema, mama yuko jirani.

Kama kuna joto bondeni Rukwa, asilale nje, hata kama binamu zake wamezoea. Fisi humwendea aliyelala kwa sababu aliyelala hana ukubwa wala kelele. Choo cha usiku aende na mtu mzima mwenye tochi. Kuchunga mbuzi kuishe jua likiwa bado lipo, na kondoo aliyepotea asitafutwe na mtoto gizani. Mwambie wazi kwamba hatapigwa kwa sababu ya kondoo huyo, na waambie wenyeji wake hivyohivyo.

Majini ni sheria nyingine. Kwa mto Momba, na kwa ule Songwe unaoingia Ziwa Rukwa (tuna mito miwili yenye jina hilo, mwingine unapakana na Malawi na kwenda Ziwa Nyasa), mamba hujifunza ratiba ya watu. Anayechota maji mahali palepale saa ileile kila siku anamfundisha. Mtoto asiingie hadi magotini kujaza ndoo, asifue akiwa amechuchumaa ukingoni, asioge peke yake. Palipo na kisima au bomba, hata kama ni mbali, ndiko kwa kwenda.

Na kama fisi, mbweha au mbwa anaonekana mchana hana woga na watu, au anayumba, huenda ana kichaa cha mbwa. Mtoto akiumwa au kuparurwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Mwenyeji atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, ambao ndio huwaita askari wa TAWA. Taarifa hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kwa malipo ya serikali yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, kwa hiyo iandikwe mapema, kabla nyayo hazijafutika.